Maswali ya Wasomaji: Kuuchangia Msitu Ukiwa Hai, Kuuachia Ukishatangulia

Barua nyingi za mwezi huu kutoka Kigoma na Tabora zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali. Mtu ana shamba, nyumba ya kupangisha au akiba yake ndogo, na angependa sehemu ya mali hiyo iende kwa wanaotunza misitu, ziwa au wanyama. Majina ya waandishi tumeyaacha. Majibu yanafuata sheria za Tanzania Bara, isipokuwa pale tulipotaja nchi nyingine. Mali ikiwa kubwa, muone wakili kabla ya kutia saini.

Nimestaafu ualimu. Nina ekari nne hapa Kalinzi: mbili nilirithi kwa baba, mbili nilinunua. Watoto wako Dar na Mwanza, hawana mpango wa kulima. Nataka nikifa shamba lote liende kwa shirika la mazingira lipandwe miti. Nimeambiwa nikiandika kwenye daftari na kusaini inatosha. Ni kweli? — *Mwalimu mstaafu, Kalinzi*

Shikamoo mwalimu. Daftari halitoshi. Lakini kabla ya kufika kwenye wosia, tuliangalie shamba lenyewe, maana hapo ndipo zawadi nyingi za ardhi hukwama.

Zile ekari mbili za baba ni ardhi ya ukoo. Kwa sheria ya mila, ardhi ya ukoo haitoki nje ya ukoo kwa uamuzi wa mtu mmoja. Ukiiandika kwa shirika bila wanaukoo kuridhia, utakuwa umewaachia watoto kesi. Hizo tunashauri zibaki nyumbani.

Ekari mbili ulizonunua ni zako, ila uwe na cha kuonyesha. Kama una karatasi ya mauziano tu, nenda ofisi ya kijiji uombe hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mama wa nyumbani akiwa na haki humo, jina lake nalo liingie. Kisha kaa na halmashauri ya kijiji ukiwa hai, kwa sababu uhamisho wa ardhi ya kijiji unahitaji ridhaa yao, na muhtasari wa kikao hicho uutunze pamoja na hati. Jiulize pia shirika unalolifikiria ni la nani. Asiye raia, na kampuni ambayo sehemu kubwa ya hisa zake iko mikononi mwa wageni, hawagawiwi ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Shirika zuri lenye makao yake ng'ambo linaweza kushindwa kabisa kulipokea shamba lako, hata wosia uwe safi namna gani.

Halafu waulize wenyewe kama wanalitaka. Ekari mbili zilizo peke yake katikati ya mashamba ya watu zina gharama ya kulinda, kufyeka na kuzuia moto kila kiangazi, na mashirika mengi yatakushukuru zaidi ukiwaachia fedha. Kwa hiyo ushauri wetu ni kuandika kwamba ekari mbili za kununua ziuzwe, watoto wapewe nafasi ya kwanza ya kuzinunua, na fedha au sehemu yake iende kwa shirika. Kipengele chenyewe kinaweza kusomeka hivi:

*"Naagiza shamba langu la ekari mbili lililopo kitongoji cha …, kijiji cha …, lenye hati namba …, liuzwe. Nusu ya fedha itakayobaki baada ya gharama ipewe shirika la …, lenye usajili namba …, kwa kazi ya kutunza misitu mkoani Kigoma. Iwapo shirika hilo litakuwa limefutwa au limeacha kazi hiyo, msimamizi wangu azipeleke fedha hizo kwa shirika jingine lililosajiliwa lenye kazi inayofanana."*

Namba ya usajili iwepo kwa sababu majina ya mashirika hufanana, na mengine hubadilishwa. Tumetaja "nusu" badala ya kiasi cha shilingi kwa kuwa shilingi ya leo haitakuwa ile ya miaka ishirini ijayo. Sentensi ya mwisho usiikose: shirika likifa kabla yako na hukutaja mbadala, zawadi hurudi kwenye mirathi na kugawanywa kama mali nyingine. Na kazi uitaje kwa upana. Ukisema "kununua miche ya mvule" peke yake, msimamizi atafungwa mikono siku miche hiyo itakapokosekana.

Sasa wosia. Kanuni za sheria ya mila za mwaka 1963 zinataka uandikwe kwa wino au upigwe chapa, uwe na tarehe, na uonyeshe kwamba una akili timamu na unaandika kwa hiari yako. Wewe unajua kusoma na kuandika, hivyo mashahidi wasipungue wawili wanaojua kusoma na kuandika pia: mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kuandika anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili baki. Mke aliyepo nyumbani siku hiyo naye ashuhudie. Wote wawepo kwa pamoja mnapotia saini, na miongoni mwa mashahidi hao wa ukoo na baki asiwepo anayerithi chochote humo. Wosia wenye maneno mazuri hutenguliwa mahakamani kwa sababu shahidi mmoja alisaini kesho yake akiwa gengeni. Usijaribu pia kuwanyima watoto kila kitu. Sababu za kumnyima mrithi zimetajwa katika sheria ya mila nazo ni chache, na kutopenda kilimo si mojawapo.

Nakala moja ipeleke RITA, wakala wa serikali ambao hupokea na kutunza wosia. Nyingine awe nayo msimamizi uliyemteua, na shirika ulipe barua ya kulijulisha kwamba limetajwa. Barua hiyo ina faida yake. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo ndani ya miezi minne. Shirika lisilojua kwamba limeachiwa kitu halitakuwepo kuuliza.

Asalaam alaykum. Nina nyumba mbili hapa Ujiji. Moja naishi, nyingine napangisha vyumba vinne. Nataka kodi ya vyumba viwili iende kwa kikundi kinachosafisha mwalo na kulinda mazalia ya samaki. Mwanangu anasema dini hairuhusu zaidi ya thuluthi. Nani yuko sahihi? — *Msomaji, Ujiji*

Waalaykum salaam. Mwanao anazungumzia wasia, nawe unachokieleza kinakaribia wakfu. Haya mambo mawili hayafanani.

Wasia hufanya kazi baada ya kifo. Kwanza yatoke mazishi na madeni, kisha wasia usizidi thuluthi ya kinachobaki, wala usimwendee mrithi. Tuseme mali yote ni shilingi milioni 60, mazishi na madeni yamechukua milioni 6. Zimebaki 54, na thuluthi yake ni 18. Ukiusia nyumba yenye thamani ya milioni 25, ile milioni 7 ya ziada itasimama tu warithi wakiikubali baada yako.

Wakfu unaufunga leo, ukiwa mzima. Mali yenyewe inatoka mikononi mwako: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Kinachogawiwa ni matunda yake, hapa ikiwa ni kodi. Mpaka wa thuluthi haugusi wakfu wa mtu mwenye afya, lakini ukiufunga katika maradhi ya kifo utahesabiwa kama wasia. Anayetaka wakfu asisubiri kitandani. Na kwa kuwa wakfu haurudishwi, hakikisha kwanza kwamba wewe na mkeo mtaishi vizuri bila hiyo kodi. Kama nyumba mliichuma pamoja, fungu lake aliseme mwenyewe. Kwa nyumba mnayoishi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwenzi mmoja kuitoa bila ridhaa ya mwingine.

Shida iliyobaki ni ya bati na choo. Vyumba vinne vina paa moja, choo kimoja, mita moja ya maji. Hati isipotamka nani anatengeneza, miaka mitano baadaye vyumba vya wakfu vitakuwa havipangishiki na kikundi hakitapata kitu. Tungeandika kwamba kodi ya vyumba ilipe kwanza kodi ya jengo na fungu la matengenezo, kisha kinachobaki kitolewe. Mfano, vyumba viwili kwa shilingi 40,000 kila kimoja huleta 960,000 kwa mwaka. Ukitenga robo kwa matengenezo, kikundi kinapata 720,000. Kiasi hicho hakiyumbi, na kikundi kinaweza kupangia kazi zake juu yake.

Taja msimamizi wa wakfu na atakayemfuata. Mpokeaji naye mtaje kwa hadhari: kikundi kilichoandikishwa halmashauri kinaweza kuvunjika viongozi wakigombana. Andika kwamba kikivunjika, msimamizi aipeleke kodi kwa kazi hiyohiyo ya kutunza ufukwe wa Ziwa Tanganyika kupitia kikundi au shirika jingine. Hati isomwe mbele ya mashahidi, na uwashirikishe masheikh wa BAKWATA wilayani kabla hujaifunga.

Nina kampuni ndogo ya mafuta ya mawese na sabuni. Tukichangia shirika la hifadhi, TRA wanatupunguzia kodi? — *Mfanyabiashara, Mwanga, Kigoma*

Wanaweza, kwa kipimo. Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani utolewe kwenye mapato ya biashara (yaani kinachobaki baada ya gharama, si mauzo yote) kabla ya kukokotoa kodi, lakini usizidi asilimia 2 ya mapato hayo. Mapato yenu kabla ya mchango yakiwa milioni 80, kikomo ni milioni 1.6. Mkitoa milioni 3, ile milioni 1.4 ya ziada ni sadaka njema isiyo na nafuu ya kodi. Kwa kampuni inayolipa asilimia 30, nafuu ya juu hapo ni shilingi 480,000. Ndiyo maana hatumshauri mtu achangie kwa ajili ya kodi peke yake.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kudhani cheti cha usajili wa shirika kinatosha. Usajili kwa Msajili wa NGOs ni jambo moja, na kutambuliwa na Kamishna wa TRA kuwa taasisi ya hisani ni jingine kabisa. Shirika linaweza kuwa halali, lina kazi nzuri milimani, na halina barua ya Kamishna. Ombeni nakala ya barua hiyo kabla ya kutoa, muone kama bado inatumika. Risiti na barua mzitunze miaka mitano.

Nafuu hii inahusu mapato ya biashara. Mwajiriwa haipati kwenye mshahara wake, wala mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi ya makadirio kwa kiwango cha mauzo, kwani kodi yake haiangalii matumizi.

Kikundi chetu cha vikoba kimetenga milioni 2. Tunataka kununua miche 4,000 tumpe shirika moja apande kwenye kijiji chetu. Ni wazo zuri? — *Akina mama wa Uvinza*

Moyo wenu ni mzuri, na ndiyo maana tungependa miti hiyo ionekane miaka kumi ijayo. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja huchukua miche kama 450. Miche 4,000 ni karibu ekari tisa. Nani atapalilia ekari tisa? Fedha yote ikiishia kwenye miche, hakuna iliyobaki kwa mashimo, usafirishaji, palizi wala moto, na kiangazi cha kwanza kinaimaliza.

Gawanyeni hivi. Chukueni ekari mbili: miche 900, na mingine kama 130 ya kujazia mapengo. Kinachobaki kiwe cha matunzo ya miaka mitatu, na kisilipwe chote kwa mara moja. Sehemu ya kwanza mlipe miche ikishapandwa, ya pili baada ya kuhesabu iliyo hai mwishoni mwa kiangazi, ya tatu mwaka unaofuata. Yaandikeni haya kwenye mkataba wa ukurasa mmoja.

Vya kuangalia shambani: miche ipandwe mvua ikishalowesha udongo vizuri, kwa Kigoma mara nyingi kati ya mwisho wa Novemba na Desemba. Ukipanda Machi, mche unaingia kiangazi mizizi ikiwa bado mifupi. Kiriba, yaani kile kimfuko cha mche, kiondolewe, na mche ambao mizizi yake imejiviringisha chini ukataliwe kitaluni, kwa sababu utadumaa hata ukimwagiliwa. Palizi ziwe mbili au tatu mwaka wa kwanza. Mikaratusi huliwa sana na mchwa ikiwa michanga. Kabla ya Juni barabara ya kuzuia moto iwe imelimwa kuzunguka shamba lote.

Kuna jambo tunalolithamini zaidi ya kupanda. Ardhi yenu ya miombo ina visiki na mizizi hai, nayo huchipua yenyewe ikipumzishwa na moto na shoka. Mninga unafundisha subira: mche wake mchanga hunyauka juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi ukijijenga chini, kisha ndipo unapanda juu. Anayepita na kiberiti kila Agosti anaurudisha nyuma. Milioni mbili zikilipia doria na barabara za moto kwenye msitu wa kijiji zinaweza kurudisha miti mingi kuliko kitalu.

Kama kijiji hakijautenga msitu wake, hiyo nayo ni kazi ya kuchangia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na hifadhi ya msitu wake. Huchaguliwa kamati ya maliasili, mipaka hupimwa, huandaliwa mpango wa usimamizi na sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji hupitisha, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya. Mapato ya msitu huo hubaki kijijini. Vijiji kadhaa vya Kigoma vilianza njia ya mipango ya matumizi ya ardhi kwa msaada wa TACARE, programu iliyoanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994. Palipokwama huwa ni baadaye: posho ya doria na viatu vya walinzi baada ya mradi kuisha. Hapo ndipo mchango wa kikundi kidogo kama chenu unapofanya kazi kubwa.

Baba yetu alikuwa mfuga nyuki. Sisi watoto tumechanga milioni 10, tunataka mfuko wa kudumu kwa jina lake usaidie msitu na nyuki. Inawezekana? — *Familia, Sikonge, Tabora*

Poleni kwa msiba. Inawezekana, ila pimeni kwanza ukubwa wa kazi. Mfuko wa kudumu maana yake mtaji hauguswi, inatumika faida tu. Kwa mfano wa hesabu, hatifungani ya serikali yenye riba ya asilimia 12 kwa mwaka huleta milioni 1.2 kwa mtaji wenu, kwa mafungu mawili kila miezi sita. Mkitumia yote, bei zikipanda mtaji utakuwa unapungua nguvu kimyakimya, hivyo theluthi irudi kwenye mtaji. Inabaki laki 8. Inatosha mizinga kadhaa kila mwaka, haitoshi kumlipa mlinzi.

Msisajili taasisi mpya kwa fedha hiyo. Katiba, ada, taarifa za mwaka na ukaguzi wa hesabu vitaila faida yote. Kubalianeni na shirika lililopo lifungue fungu lenye jina la baba ndani ya hesabu zake, kwa mkataba unaosema mtaji umewekwa wapi, faida inatumika kwa nini, familia inapata taarifa lini, na mtaji unakwenda wapi shirika likifungwa. Sharti la matumizi liwe "ufugaji nyuki na kuzuia moto katika miombo", msilifunge kwenye aina moja ya mzinga. Kama mnataka matokeo ya haraka, njia nyingine ni kuitumia yote kwa miaka mitano, milioni 2 kila mwaka, na hiyo ndiyo tungeipendelea kwa kiasi hiki. Fungu la kudumu lianze ndugu wengine wakiongeza.

Nina bima ya maisha na mafao ya NSSF. Naweza kuandika shirika kuwa mpokeaji? — *Kasulu*

Bima ndiyo, mara nyingi: omba fomu ya kubadili mnufaika, andika jina kamili la shirika na asilimia yake, na udai nakala iliyogongwa muhuri. Mafao ya hifadhi ya jamii hapana. Mwanachama akifariki, mafao ya warithi huwafuata wategemezi waliotajwa na sheria, na wosia hauwezi kuyaelekeza kwingine.

Niko Chicago, nyumbani ni Kibondo. Nikituma mchango moja kwa moja kwa shirika la Kigoma, Marekani wataniondolea kwenye kodi? — *Msomaji wa ughaibuni*

Hapana. Huko mchango unaopunguza kodi ni ule uliotolewa kwa taasisi ya Marekani yenye hadhi ya 501(c)(3), yaani inayotambuliwa na sheria ya kodi ya huko kuwa ya hisani. Toa kupitia taasisi ya huko inayofanya kazi Kigoma, ukieleza unapenda itumike wapi. Uamuzi wa mwisho lazima ubaki kwao, ama sivyo mamlaka ya kodi itaiona taasisi kama mpitisho tu. Una akaunti ya kustaafu aina ya IRA? Ukifika miaka 70 na nusu unaweza kuagiza fedha zitoke humo moja kwa moja kwenda kwa taasisi bila kuhesabiwa mapato yako. Pia unaweza kuiandika taasisi kama mnufaika wa akaunti: mwanao angelipa kodi ya mapato kwenye fedha hizo, taasisi hailipi.

Nataka kutoa elfu tano kila mwezi kwa simu. Nitajuaje si matapeli? — *Kijana, Gungu*

Elfu tano ya kila mwezi shirika linaipangia kazi, kwa hiyo usijione mdogo. Usitume kwa namba ya simu ya mtu, hata akiwa mkurugenzi. Dai lipa namba au akaunti ya benki, na jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri liwe la shirika. Makato ya muamala yanakula fungu kubwa ya kiasi kidogo, kwa hiyo angalia kama kutuma elfu kumi na tano kila miezi mitatu kunapunguza makato.

Kuhusu uhalali, nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya au mkoa, ambaye anafanya kazi na Msajili wa NGOs, umuulize kama shirika lipo na kama linawasilisha taarifa. Cheti kina uhai wa miaka kumi, kisha huhuishwa, hivyo soma tarehe. Shirika lenyewe liombe taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Wakisema ni siri, peleka elfu tano yako kwingine. Ukishaanza kutoa, weka ujumbe wa kila muamala na uombe risiti yenye jina lako mara moja kwa mwaka, na kabla ya kuendelea na mwaka wa pili omba uonyeshwe eneo moja wanalolifanyia kazi, ukiwa na orodha ya walichoahidi.